Patanisha, Suluhisha, Amua: Vitenzi Vitatu katika Baraza la Kata

Katika Kata ya Likunja, wilayani Ruangwa, kama ilivyo katika kata nyingine za Tanzania Bara, mtu anayedai kwamba jirani yake amevuka mpaka wa shamba hawezi kwenda moja kwa moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hana budi apitie kwanza Baraza la Kata. Hadi mwaka 2021 baraza hilo lilikuwa na uwezo wa kusikiliza shauri, kupokea ushahidi na kutoa uamuzi, mradi thamani ya ardhi inayogombaniwa isizidi shilingi 3,000,000. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 5 ya mwaka 2021 iliuondoa uwezo huo. Baraza la Kata sasa linapatanisha tu. Likishindwa, huthibitisha kwamba limeshindwa; na siku 30 zikipita bila ya mapatano, mwenye malalamiko anaweza kwenda mbele hata bila ya uthibitisho huo.

Idadi ya wajumbe haikubadilika: si chini ya wanne wala zaidi ya wanane, na watatu miongoni mwao wawe wanawake. Mawakili hawaruhusiwi kuingia, kama ambavyo hawakuruhusiwa tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Na. 2 ya mwaka 2002. Kilichobadilika ni kitenzi. Jana baraza liliweza kuamua, leo haliwezi. Mwanasheria hulitazama jambo hili kuwa ni suala la mamlaka, na ni haki yake. Mwanaisimu ana swali lake jingine: je, mkulima anayetoka barazani akiwa na karatasi yenye muhuri anajua kama ameamuliwa au amepatana? Swali hilo si la kitaaluma tu. Anayedhani kwamba karatasi yake ni hukumu huenda asiende mbele tena, na muda wa kudai ardhi kisheria, yaani miaka 12, ukaendelea kuhesabika huku yeye amekaa nyumbani akiamini kwamba amekwisha kushindwa.

Ni vyema kuvianza vitenzi vyenyewe, kwa kuwa sarufi yake inaeleza mengi ambayo istilahi za kisheria zimeyafunika.

Kitenzi patana kinatokana na pata kwa kuongezwa kiambishi cha kutendana. Kinahitaji watu wawili au zaidi, na hakina nafasi ya mtu wa tatu. Wahenga waliposema kwamba wagombanao ndio wapatanao hawakumtaja msuluhishi wala hakimu. Kinapoongezwa kiambishi cha kusababisha kikawa patanisha, mtu wa tatu anaingia, lakini kile kiambishi cha kutendana hakiondoki; kimebaki ndani ya kitenzi. Mpatanishi ni mtu anayewafanya wengine watendeane jambo. Hawezi kulitenda kwa niaba yao. Wasipolitenda, hata kama alikesha nao, hajapatanisha.

Amua ni kinyume chake. Asili yake ni tendo la mwili: kuwatenganisha watu wanaopigana. Hadi leo mtu akiingia kati ya vijana wawili walioshikana mashati husemwa kwamba amewaamua, na wala hakuna aliyewauliza vijana hao kama wameridhika kuachanishwa. Sauti l iliyopotea katika amua inaonekana katika amulia, na ndiyo inayogeuka kuwa z katika mwamuzi na uamuzi, kama vile nunua inavyozaa mnunuzi. Kutoka katika kutenganisha miili kitenzi kimepanuka hadi kutenganisha madai, na mpira wa miguu ukamchukua mwamuzi kutoka humo humo. Katika amua mtendaji ni mmoja, naye ni mtu wa tatu. Wagomvi ni watendwa.

Kati ya hivyo viwili kimekaa suluhisha, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uliotupatia pia suluhu, na ni mmoja wa mizizi iliyozoeleka kabisa katika Kiswahili. Wapenzi wa mpira wanaitumia kila juma kwa mechi iliyokwisha bila ya bao. Suluhisha kinaweza kuchukua yambwa ya aina mbili. Husemwa kwamba mzee aliwasuluhisha wana ndugu, na husemwa pia kwamba mzee aliusuluhisha mgogoro. Yambwa ikiwa ni watu, kitenzi kinasogea upande wa patanisha. Yambwa ikiwa ni mgogoro, watu wanatoweka katika sentensi, na anayesuluhisha anaweza kuwa yeyote mwenye nguvu ya kuumaliza mgogoro huo, wakipenda wenyewe wasipende. Kwa hiyo suluhisha hakina kosa lolote. Ni kitenzi chenye milango miwili, na watunga istilahi wameingia kwa milango yote miwili bila ya kuambiana.

Matokeo yake yanaonekana katika sheria na taasisi za nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 107A iliyoingizwa mwaka 2000, inaitaka Mahakama kukuza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro; hapo neno lina maana pana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa mume na mke ufike kwanza kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, na kazi ya bodi hiyo ni kujaribu kuwarudisha wawili hao pamoja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika tume hiyo usuluhishi ni hatua ya kwanza, ambamo msuluhishi hana uwezo wa kumlazimisha yeyote. Ukishindikana ndipo unapokuja uamuzi, nao unamfunga mwajiri na mfanyakazi. Kituo cha Usuluhishi cha Mahakama Kuu nacho kinalitumia neno kwa maana hiyo hiyo ya kuwasaidia wagomvi wafikie makubaliano yao wenyewe.

Kisha ikaja Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Humo msuluhishi husikiliza pande mbili na kutoa tuzo inayozifunga. Yaani anafanya kazi ile ile ambayo katika Tume ya 2004 iliitwa uamuzi. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu watoa huduma hizi zimeyaweka maneno manne pamoja, maridhiano, majadiliano, upatanishi na usuluhishi, na katika mpangilio huo upatanishi ndio umechukua kazi ambayo kwa Tume inaitwa usuluhishi. Mfanyakazi wa kiwanda na mkandarasi wa barabara wanaweza kuambiwa siku moja kwamba mashauri yao yamepelekwa kwenye usuluhishi. Kwa wa kwanza huo ni mwanzo wa safari. Kwa wa pili huenda ndio mwisho wake.

Hapa pana haja ya kusema neno kidogo juu ya tuzo. Kwa Mswahili wa kawaida tuzo ni zawadi anayopewa aliyefanya vizuri. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi, akaambiwa kwamba tuzo imetoka naye hakupewa kitu, ana sababu ya kushangaa.

Mkanganyiko huu ulikuwa na madhara madogo wakati sheria zilipokuwa zikitungwa kwa Kiingereza na neno la Kiswahili likibaki kuwa kibandiko tu. Mzozo ukitokea, hakimu alirudi kwenye matini ya Kiingereza. Hali hiyo imebadilika. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza. Neno la Kiswahili sasa linatakiwa kuubeba mzigo wenyewe. Wanaoijua historia ya jambo hili watakumbuka kwamba A. B. Weston alikwisha kukusanya istilahi za kisheria za Kiswahili Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Haba haikuwa ya maneno. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kila sheria mpya ilipotungwa, kama neno lililochaguliwa halikuwa na kazi nyingine tayari katika sheria iliyotangulia.

Inafaa sasa kurudi Likunja.

Nchi ya Ruangwa na Nachingwea, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, ni nchi ya Wamwera hasa, pamoja na Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wangindo. Lugha ya wazee wengi ni Chimwera, ambacho Lyndon Harries alichapisha sarufi yake mwaka 1950. Jadi ya Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika jadi hiyo mjomba ana nafasi ambayo kwingineko hupewa baba. Uchumi wa watu ni ufuta na korosho. Korosho ina tabia moja ambayo mjomba wa zamani hakuipangia mila: mti wake huishi miaka mingi kupita aliyeupanda. Shamba la mtama huhamishwa. Mkorosho husimama pale pale ukimngojea mrithi.

Mambo mawili ya historia yaliongeza uzito. La kwanza ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu na kuiacha mikorosho yao nyuma, mbali na makazi mapya. Mavuno ya korosho nchini, yaliyofikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na kuachwa kwa mikorosho ni moja ya sababu zake. La pili ni kupanda tena kwa thamani ya zao hilo katika miaka ya 1990, ambapo mikorosho iliyokuwa imemezwa na vichaka ilipata wapaliliaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliuthibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa kuhamia vijijini, lakini sheria haiwezi kumzuia mtu aliyepanda mti kuukumbuka.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao mtu yeyote wa kusini atautambua. Bwana mmoja alipanda mikorosho kabla ya kuhamishwa, akaiacha. Miaka 20 baadaye mpwa wake, mtoto wa dada, akaifyeka, akaipalilia na kuivuna kwa misimu mingi. Yule bwana amefariki. Binti yake sasa anasema mikorosho ni ya baba yake. Mpwa anajibu kwamba mali ya mjomba ni ya wapwa, na isitoshe jasho ni lake.

Shauri hilo likienda mbele ya mwamuzi, atauliza nani mmiliki, na jibu litakuwa jina moja. Mmoja atatoka na mikorosho yote, mwingine atatoka na chuki, nao watakutana kesho kisimani. Mpatanishi halazimiki kuuliza swali hilo. Anaweza kuuliza nani alipanda, nani alipalilia, nani ana watoto shuleni mwaka huu. Na wenyewe wanaweza kukubaliana kwamba mpwa avune misimu mitatu kisha aache, au kwamba safu za mashariki ziwe za huyu na za magharibi za yule, au kwamba miti ni ya binti lakini mpwa atapata sehemu ya mavuno kwa kuwa ndiye anayeihudumia. Hakuna hukumu ya mahakama inayoweza kuandikwa namna hiyo kwa urahisi. Katika migogoro ya aina hii mabadiliko ya 2021 yana hekima, na wale waliolalamika kwamba baraza limenyang'anywa meno hawakufikiri vya kutosha juu ya kazi ambayo meno hayo yalikuwa yakifanya. Sheria ya 2002 yenyewe ilikwisha kulitaja jukumu la kupatanisha kabla ya jukumu la kuamua, na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, halikuwahi kupewa kazi nyingine zaidi ya kupatanisha.

Lakini upo upande wa pili, na sarufi inauonyesha waziwazi. Upatanishi wa Waswahili una neno lake la kufungia, nalo ni yaishe. Mtu huyasema hayo wakati amechoka kubishana: basi, yaishe. Ndugu zake ni tuyamalize, tuyaache, yamekwisha. Kinachovutia ni kile kiambishi ya. Ni cha ngeli ya maneno na mambo, ila nomino yenyewe haitajwi. Mambo gani yaishe? Kila aliyepo anajua, na hakuna anayelazimika kusema. Ukarimu wa kiambishi hiki ni mkubwa: kinamwezesha mtu kuondoka katika ugomvi bila ya kukiri kosa na bila ya kumtaka mwenzake akiri. Katika kijiji ambamo watu watazikana, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo yaishe ina upungufu ambao unapaswa kutazamwa kwa makini. Haina mtendaji. Haisemi nani ameafiki. Ni kauli ya kutaka, nayo haielezi jambo lililokwisha kutendeka. Yule binti wa mfano akizungukwa na wazee wa ukoo, wajumbe na muda wa jua kali, akisema basi yaishe, amesema nini hasa? Yumkini ameridhika. Yumkini amechoka. Katibu wa baraza naye ana kitabu mbele yake, na kitabu hakina safu ya uchovu. Ataandika wamepatana, yaani atakitumia kitenzi cha kutendana kwa tukio ambalo huenda lilikuwa na mtendaji mmoja tu. Kutoka yaishe hadi wamepatana ni hatua moja ya kalamu, na katika hatua hiyo haki ya mtu inaweza kupotea bila ya yeyote kusema uongo.

Kiambishi hicho hicho kinapotumiwa kwa jinai, madhara hayana kipimo. Kuyamaliza kifamilia ni maneno yaliyokwisha kutumika mara nyingi mno pale mtoto wa kike alipobakwa na jamaa wakataka kulipana mbuzi na kunyamaza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu nzito, na hakuna Baraza la Kata lenye mamlaka ya kupatanisha katika jambo hilo. Mtoto si mmoja wa wanaopatana, wala ya ya kuyamaliza haimtaji.

Mpaka mwingine unahitaji kutajwa kwa ufupi. Kusini mnunuzi humwendea mkulima kabla ya mavuno, akampa fedha kidogo ili korosho ije kwake kwa kipimo kisicho rasmi. Hiyo ndiyo kangomba, kama chomachoma ilivyo kwa ufuta. Serikali imeipiga marufuku. Mkulima akikataa kutoa mzigo na mnunuzi akaja kudai, baraza halina la kupatanisha, kwani mapatano ya jambo lililokatazwa hayawezi kuhalalishwa na muhuri. Wapo wanaoamini kwamba chochote wawili walichoridhiana ni halali. Sivyo.

Katika nchi nyingine wanasheria wamejaribu njia ya karibu na hii. Mwaka 1990 wakili mmoja wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, Stuart Webb, alichoshwa na kesi za talaka akatangaza kwamba hatazipeleka tena mahakamani. Utaratibu uliozaliwa hapo huwataka mume na mke, kila mmoja na wakili wake, watie saini kwamba watajadiliana hadi wafikie makubaliano. Na wakishindwa, mawakili wote wawili wajiondoe, wateja watafute wengine. Sharti hilo ndilo kiini chake. Wakili wa kawaida hupata chake ugomvi ukiendelea, na Waswahili walikwisha kusema juu ya vita vya panzi na furaha ya kunguru. Hapa kunguru ametia saini kwamba hatakula.

Utaratibu huu haujapata jina lililokaa katika Kiswahili. Kuuita sheria shirikishi hakutoshi, kwa sababu si sheria inayoshirikisha, bali ni mawakili wanaojifunga. Uwakili wa mapatano ungeieleza kazi vizuri zaidi, na ungehifadhi kile kiambishi cha kutendana. Kwa Likunja, ambako mawakili hawaingii barazani hata kidogo, faida yake ni ndogo kwa sasa. Kwa migogoro ya fidia inayoambatana na uchimbaji wa madini ya kinywe wilayani Ruangwa, ambako mwanakijiji mmoja hukabiliana na kampuni yenye mawakili, huenda ikawa kubwa. Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wangeweza kuwa mlango wa kuingilia.

Kenya nayo, kwa Ibara ya 159 ya Katiba yake ya mwaka 2010, imezitaka mahakama zikuze njia mbadala pamoja na njia za jadi, na mwaka 2016 ilianza majaribio ya upatanishi ulioambatanishwa na mahakama jijini Nairobi. Tanzania ilikwisha kuuingiza upatanishi katika mashauri ya madai tangu mwaka 1994. Nchi zote mbili zina uzoefu wa kutosha kukaa pamoja na kuafikiana juu ya maneno, kabla ya kila moja kuandika fomu zake.

Fomu ndipo pa kuanzia. Karatasi ya baraza ingeweza kukatazwa kutumia maneno mdai, mdaiwa, hukumu na ushindi, ambayo ni urithi wa enzi ya kuamua. Ingeweza kuwa na sentensi mbili, moja ya kila upande, zenye mtendaji wa nafsi ya kwanza: mimi nimekubali kuacha kitu fulani, mimi nimekubali kupokea kitu fulani. Vitu hivyo vitajwe kwa majina, miti kwa idadi na mpaka kwa alama zake, ili kiambishi ya kisipate pa kujificha. Sentensi hizo zisomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutiwa dole gumba, kwa Kiswahili, na kwa Chimwera pale ambapo mwenye dole hilo anaota kwa Chimwera. Na chini kabisa, kwa herufi zisizo ndogo kuliko nyingine, pawe na maneno ya kumjulisha kwamba baraza hili halikuamua kitu, na kwamba asiyeafiki bado anaweza kwenda wilayani.